Doa jeusi kwenye kisigino cha bimkubwa: tusubiri harusi ipite?

Assalaam alaykum wataalamu,

Naandika kutoka Wete, Pemba, kwa ajili ya mama yangu mwenye miaka 61. Ana doa jeusi chini ya kisigino cha mguu wa kushoto, pale panapokanyaga. Lilianza kama miaka mitatu iliyopita, dogo kama punje ya mtama. Tukadhani ni mwiba uliokatikia ndani, maana yeye ni mtu wa shamba na wa bonde la mpunga, na akiwa huko hutembea pekupeku. Hatukulifuatilia kwa sababu miguu yake haikosi hina.

Mwezi uliopita alikwenda kupakwa hina, mpakaji akamsugua magaga kwa jiwe, doa likatoa damu. Hapo ndipo tulipoliangalia vizuri. Sasa limepita upana wa kidole gumba changu. Kingo zake zimekwenda ovyo kama ufukwe kwenye ramani, katikati ni jeusi tii, pembeni lina rangi ya chai kavu, na sehemu moja imeinuka, ina unyevu na wekundu wa nyama. Halimuumi.

Bimkubwa ana sukari, anatumia vidonge. Tuliambiwa ni kidonda cha sukari, akasafishwa na kufungwa kwa wiki tano, hakijafunga. Duka la dawa wametuuzia dawa ya kuchoma chunjua, tumeipaka siku nne. Jirani anashauri tulikate kwa wembe liishe. Mjomba amekataza lisiguswe kabisa, anasema saratani ikipata kisu hutapakaa. Mwenyewe bimkubwa anasema saratani ya ngozi ni ya wazungu na ya watu wenye ualbino, sisi weusi haitupati. Harusi ya mdogo wangu ni baada ya wiki sita, naye ameshasema hospitali ataiona harusi ikipita.

Na mimi mwenyewe, nina miaka 34, nina mistari ya kahawia kwenye kucha za gumba zote mbili na za vidole vingine viwili, na vidutu vidogo vyeusi mashavuni kama aliokuwa navyo bibi. Nihofu?

Binti yake, Wete

—

Waalaykum salaam dada yetu,

Msisubiri harusi. Doa hilo linatakiwa likatwe kinyama kikapimwe. Bimkubwa aonwe na daktari ndani ya wiki hii, na kinyama kiwe kimeshachukuliwa kabla ya wiki mbili kwisha. Kuanzia leo acheni dawa ya chunjua, acheni jiwe, na huo wembe usilisogelee. Lifunikeni kwa shashi safi isiyonata, avae ndara zenye soli nene au viatu, asikanyage chini mtupu.

Hatusemi kwamba ni melanoma, yaani saratani inayoanzia kwenye chembe za rangi ya ngozi. Kwa barua hakuna wa kulisema hilo, na hata daktari aliyelishika kwa mkono hatalisema kwa yakini mpaka majibu ya maabara yatoke. Tunachosema ni kwamba katika maelezo yako yamekusanyika mambo matano ambayo kwa pamoja yanatosha kutaka kipimo: lipo unyayoni, limekua kwa miaka mitatu, rangi zimechanganyika, limeinuka na kutoa damu, na kidonda hakifungi. Doa jeusi la unyayo kwa mtu mzima likishapita milimita 7 hupimwa hata kama halina lingine lolote. La bimkubwa, kwa kipimo cha gumba lako, limekaribia 20.

Bimkubwa ana ukweli nusu, nao ndio nusu unaoponza watu. Rangi ya ngozi yetu inatengenezwa na chembe zinazotoa melanini, na melanini hukinga jua. Kwa hiyo melanoma za mgongoni na kwenye miundi zinazowapata wazungu kwa sababu ya jua, kwetu ni chache sana. Lakini iko aina nyingine ya melanoma ambayo haitokani na jua. Huota unyayoni, kiganjani na chini ya kucha, kwenye ngozi ambayo jua halifiki, na mara nyingi pale panapobeba uzito wa mwili: kisigino na mbele ya unyayo. Hiyo humpata mweusi na mweupe, na kwa mtu mweusi ndiyo melanoma inayoonekana zaidi. Krimu ya jua haiizuii. Watu wenye ualbino ni kweli wana hatari kubwa ya saratani ya ngozi, ila zao nyingi ni za aina nyingine, zinazoota usoni, masikioni, shingoni na mikononi kwa kuunguzwa na jua. Mkichanganya hayo mawili, mtamlinda mwenye ualbino kwa kofia na nguo ndefu, ambavyo ni sawa kabisa, na mtaacha kuangalia nyayo za kila mtu mwingine nyumbani.

Tatizo la unyayo ni kwamba kila kitu kinachoota pale kina maelezo ya haraka. Mtu hukanyaga, hujikwaa, huchomwa, kwa hiyo sababu haikosekani. Mwanamuziki wa Jamaika Bob Marley aliambiwa mwaka 1977 kwamba ana melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia, baada ya kidonda hicho kudhaniwa kuwa cha kuumia mpirani. Alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36, ugonjwa umeshafika ubongoni. Hapo kwenu tayari doa moja limepewa majina matatu: mwiba, chunjua na kidonda cha sukari. Tuyapitie, kwa sababu kila moja lina alama zake na mtu mwenye macho na subira anaweza kuzitafuta.

Mwiba uliokatikia ndani huuma ukiubonyeza, na mwili huutoa kwa usaha au huuzungushia kijiuvimbe kigumu. Haukui kwa upana miaka mitatu. Mwiba wa yule mnyama mweusi wa baharini, mwenye miiba mwili mzima, anayekaa mwambani, huacha rangi ya bluu-nyeusi ngozini, lakini rangi hiyo hufifia kwa siku chache. Tekenya ni kijipu cheupe chenye nukta nyeusi katikati, huwasha, na baada ya wiki mbili au tatu mdudu hufa na kukauka.

Chunjua ya unyayo ni ngumu, na mistari ya ngozi ikifika pale hukatika na kuizunguka. Ukiibana kwa pembeni, kama unavyokamua chunusi, huuma zaidi kuliko ukiikanyaga. Nukta zake nyeusi ni vishipa vya damu iliyoganda, zimetengana kama mbegu za ufuta, hazishikani zikawa doa moja. Sugu ni ya manjano, mistari ya ngozi hupita juu yake bila kukatika. Iko pia damu iliyovilia chini ya ngozi ya kisigino kwa msuguano wa viatu. Hiyo ni nyeusi kweli na imetisha wengi, lakini muuguzi akiiparua juu juu kwa kisu safi, rangi yote huondoka na ganda lililokufa, bila maumivu. La mama yenu limesuguliwa kwa jiwe mpaka damu na weusi umebaki.

Halafu yako madoa ya kawaida. Watu weusi wengi wana mabaka ya kahawia nyayoni, madogo madogo, yametawanyika kwenye nyayo zote mbili, kingo zake zimefifia, na yamekuwa hivyo hivyo tangu ujana. Hayo hayana neno. Likitokea moja ambalo halifanani na wenziwe, au ambalo miaka mitano iliyopita halikuwepo, hilo ndilo la kuonyesha.

Kidonda cha sukari ndicho kinachotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu dhana hiyo ina mantiki. Sukari hufisha hisia za miguu na kupunguza damu, kwa hiyo kidonda kisichouma na kisichopona kwa mgonjwa wa sukari huonekana ni jambo la kutarajiwa. Lakini kidonda cha sukari huanza na ngozi iliyochunika, lengelenge au sugu iliyopasuka. Hakianzi na doa jeusi lililokaa miaka mitatu juu ya ngozi nzima. Mwelezeni daktari mpangilio huo kwa maneno haya haya: doa kwanza, kidonda baadaye. Asipoambiwa ataona kidonda tu. Na kwa wote wanaouguza wagonjwa wa sukari: kidonda cha mguu kilichosafishwa na kufungwa vizuri, sukari imeshuka, na bado hakijaonyesha dalili ya kufunga baada ya miezi miwili, kinastahili kukatwa kinyama. Baadhi ya melanoma za nyayo hazina weusi wowote, ni nyama nyekundu tu inayotoa maji na damu. Kidonda chenye ukingo wenye weusi hakisubiri hata hiyo miezi miwili.

Kabla ya kwenda hospitali fanyeni mambo mawili nyumbani. Yatachukua robo saa.

La kwanza ni picha. Mosheni mguu kwa sabuni, mkaushe. Mketisheni karibu na dirisha asubuhi, mwanga uwe wa jua la nje, wala si taa ya chumbani. Wekeni rula ya shule ya watoto pembeni ya doa, bila kuligusa. Pigeni picha moja ya unyayo mzima na nyingine ya karibu, simu ikiwa kama sentimita 15, kisha moja tena baada ya kupaka tone la mafuta ya nazi kwenye sehemu isiyo na kidonda. Mafuta huondoa mng'ao wa ngozi na rangi za ndani huonekana. Andikeni tarehe. Kama hina bado ipo, picha mpige hivyo hivyo, ila mwelezeni daktari, maana hina hubaki unyayoni wiki tatu au nne na hubadilisha kahawia ikaonekana nyekundu. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, ni mbaya zaidi kwa jambo hili, hufunika kila kitu.

La pili ni kutafuta mitoki. Alale chali, miguu imenyooka. Kwa ncha za vidole vitatu papaseni kinena cha kushoto, chini kidogo ya mkunjo wa paja, mkizungusha taratibu, kisha fanyeni vivyo hivyo upande wa kulia ili mlinganishe. Kisha akunje goti, mpapase nyuma yake. Mtoki unaotokana na kidonda chenye usaha huuma na huwa laini. Unaotia shaka ni mgumu kama kokwa, hauumi, umepita sentimita moja, na siku hadi siku haupungui. Angalieni pia ngozi yote kati ya kisigino na kinena kama kuna vinundu vipya, vyeusi au vya bluu. Mkikuta lolote kati ya hayo, si siku ya kulia. Ni la kuandika kwenye karatasi na kumwambia daktari kabla hajauliza, kwa sababu hubadilisha vipimo atakavyoagiza.

Sasa safari yenyewe. Chukueni barua ya rufaa kutoka kituoni ili mfike hospitali yenye daktari wa upasuaji. Kwa Pemba mnaweza kuanzia hospitali ya Wete au kwenda Abdalla Mzee, Mkoani. Kwa Unguja ni Mnazi Mmoja. Ulizeni kama yuko mtaalamu wa ngozi. Kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinachowafundisha wataalamu wa fani hii, na mtu aliyepita mafunzo ya namna hiyo huweza kuliangalia doa kwa lenzi yenye taa. Ngozi ya unyayo imejipanga kama shamba la viazi, tuta na mfereji, tuta na mfereji. Doa salama kwa kawaida huweka rangi yake kwenye mifereji. Melanoma huiweka juu ya matuta. Kwa macho matupu hilo halionekani. Lakini asipokuwepo mwenye lenzi msirudi nyumbani, kwa sababu kwa doa kama hili lenzi haiwezi kukifuta kipimo cha kinyama. Anayehitajika kwa lazima ni mwenye kisu na kichupa.

Kinyama huchukuliwa kwa ganzi, mgonjwa akiwa macho. Hana haja ya kufunga kula, na vidonge vya sukari anywe kama kawaida, isipokuwa daktari amesema vingine. Apimwe sukari asubuhi hiyo. Daktari mwombeni apapase mapigo ya damu kwenye kifundo na juu ya mguu, kwa sababu mguu wenye damu kidogo hupona pole pole na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kukata. Kama anatumia asprini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, msiiache wenyewe, semeni tu.

Doa dogo hukatwa lote pamoja na milimita 2 za ngozi safi kuzunguka. La bimkubwa ni kubwa, kwa hiyo huenda akakatwa sehemu tu: pale palipoinuka na penye weusi uliokolea, kwa kisu cha kawaida au kile cha duara cha milimita 4 au zaidi, kwenda chini mpaka kwenye mafuta. Kina ndicho muhimu. Kuparua juu juu hutoa jibu la nusu, na jibu la nusu kwa ugonjwa huu linaweza kuwa la uongo, kwa sababu matibabu yote yanapangwa kwa kuangalia ugonjwa umezama milimita ngapi. Ndiyo maana tumeukataa wembe wa jirani. Wembe utaondoa cha juu na kuacha mzizi, kovu litafunika, na kilichotolewa kitatupwa jaani bila kupimwa. Dawa ya chunjua hufanya vivyo hivyo kwa njia ya kuunguza.

Kichupa ndipo mambo mengi yanapoharibikia. Kinyama kinatakiwa kizamishwe kwenye fomalini, ujazo wake angalau mara 10 ya kinyama chenyewe. Kikiwekwa kwenye maji ya dripu au shashi yenye unyevu, huoza, na maabara haina la kusoma. Jina, umri, tarehe na mahali kilipotoka viandikwe ubavuni mwa kichupa, visiandikwe kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Mkikabidhiwa kichupa mkipeleke wenyewe, kikazeni, kisimame wima kwenye mfuko, kisiwekwe kwenye friza wala kisiongezwe maji. Na kabla ya kutoka ulizeni maswali matatu mpaka mjibiwe: kitapimwa maabara ipi, majibu yatatoka lini, na namba ya simu ya kupigiwa ni ya nani. Majibu yanayokaa kabatini kwa sababu hakuna aliyeyafuata humgharimu mgonjwa kuliko ada yoyote. Teueni mtu mmoja wa familia awe ndiye mwenye kazi hiyo.

Mjomba tunamheshimu, na hofu yake imeenea pwani yote. Inatokana na jambo ambalo watu wameliona kwa macho: fulani alikatwa, baada ya miezi akafa. Wasichokiona ni kwamba wengi hufika kwenye kisu wakati ugonjwa umeshasafiri kitambo, mitoki imeshaingia, na upasuaji ukalaumiwa kwa safari iliyokwishafanyika. Kukata kinyama hakusambazi melanoma. Kinachoisambaza ni muda. Ikiwa bado iko tabaka la juu la ngozi haijagusa mishipa, na upasuaji peke yake huwaponya karibu wote. Kila milimita inayozama huifungulia mlango wa mishipa ya limfu na ya damu. Mwelezeni mjomba hivyo, na ikiwezekana afuatane nanyi amsikie daktari mwenyewe.

Majibu yakisema si saratani, itabaki kazi ya kidonda na sukari tu. Yakisema ni melanoma, tafuteni kwenye karatasi namba ya unene kwa milimita, na neno linaloonyesha kama ngozi ya juu imechubuka. Ikiwa haijazama, hukatwa upya na nusu sentimita hadi sentimita 1 ya ngozi safi kuzunguka. Ikiwa imezama mpaka milimita 1, ni sentimita 1. Ikipita milimita 2, ni sentimita 2 kila upande. Familia nyingi hushtuka zikiona shimo lilivyo kubwa kuliko doa, wakadhani daktari amekosea. Hajakosea, anafuata chembe zilizotambaa pembeni bila kuonekana. Kwenye kisigino pengo hilo huzibwa kwa ngozi iliyotolewa pajani au iliyosogezwa kutoka pembeni ya mguu, na mtu hutembea tena. Kukata mguu mzima hakuhitajiki mara nyingi, na hofu ya kukatwa mguu ndiyo inayowafanya wengi wafike pale ambapo huhitajika.

Unene ukizidi kama milimita 1, daktari anaweza kutaka pia mtoki wa kwanza wa kinena upimwe, na kwa hilo, au kwa mionzi, huenda mkapelekwa Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili au taasisi ya saratani ya Ocean Road. Dawa za dripu za saratani tulizozizoea hazifanyi kazi kubwa kwa melanoma. Ziko dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili, nazo zimewasaidia watu, ila ni ghali mno na hupatikana mahali pachache. Kwa hiyo kwetu sisi nafasi kubwa iko kwenye kisu cha mapema, na hilo tunalisema kwa uzito kwa sababu tunajua wiki sita za kusubiri harusi hugeuka miezi ya msimu wa karafuu, kisha Ramadhani, kisha mwaka.

Na kwa hesabu ya kalenda, harusi haiharibiki. Kinyama kikichukuliwa wiki hii au ijayo, nyuzi za unyayoni hutolewa baada ya wiki mbili hadi tatu, kwa sababu ngozi ya pale hubeba mwili na hufunga pole pole. Katika wiki hizo atembee kwa ncha ya mguu au kwa fimbo, akiketi ainue mguu juu ya mto, bendeji isilowe wakati wa kutawadha. Kuhusu kutawadha kwenye jeraha lililofungwa, amuulize shekhe wake, ruhusa za mgonjwa zipo na asijitese. Siku ya harusi atakuwa amesimama na wageni wake.

Kuhusu wewe mwenyewe, dada. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa, ya rangi moja, mikono yote miwili, ni ya kawaida kwa watu weusi na huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Utakaostahili kuonyeshwa ni mstari wa ukucha mmoja peke yake, hasa gumba la mkono au la mguu, uliopita milimita 3, mpana zaidi kwenye shina kuliko kwenye ncha, wenye rangi mbili tatu, au uliomwaga weusi kwenye ngozi ya nyuma ya ukucha. Ukucha kupasuka juu ya mstari huo ni dalili nyingine. Damu iliyovilia kwa kujikwaa hujitofautisha kwa mwendo: huhama na ukucha kwenda mbele, na nyuma yake huota ukucha safi. Kwaruza alama ndogo kwa tupa kwenye ukingo wa nyuma wa weusi, utazame baada ya miezi miwili. Kwenye gumba la mguu alama itakuwa imesogea milimita 2 au 3, na weusi wa damu utakuwa umesogea nayo, na ukucha mzima hubadilika kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Hina nayo husogea hivyo hivyo, huacha hilali nyeupe kwenye shina. Mstari wa melanini hausogei, unatoka shinani kila siku.

Vidutu vya mashavuni, kama ni vidogo, laini, vingi, na bibi alikuwa navyo, ni vya ukoo na havigeuki saratani. Usikubali vichomwe kwa asidi wala kupakwa mkorogo, utabaki na makovu ambayo ni mabaya kuliko vyenyewe.

Siku ya kupaka hina, mikono ya bimkubwa ipambwe kama atakavyo, na mguu wa kulia pia. Wa kushoto uachwe mtupu mpaka majibu yasomwe. Na huyo mpakaji aliyeona damu, mwombeni jambo moja: kila unyayo anaoushika, autazame kabla hajaupaka.